Shela ya wapi? Jina la kompyuta na kikoa chake kwenye Linux

Tangu Microsoft isitishe huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye laptopu za zamani hapa Malindi wamejikuta njia panda. Mashine haina sifa za kupokea Windows 11, lakini bado nzima, kioo kizima, na mpya haishikiki kwa bei. Basi kijana wa saiba anaiwekea Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwa flashi. Mambo yanakwenda vizuri mpaka swali linapojitokeza kwenye skrini. Linux ina aina nyingi. Ubuntu na Linux Mint huuliza jina la kompyuta peke yake. Debian huuliza mara mbili: kwanza jina la mashine, kisha kikoa chake. Hapo pa pili ndipo watu wanapoganda.

Mmoja anaandika gmail.com, kwa sababu ndiyo domeni anayoiona kila siku. Wa pili anaandika jina la duka lake na .co.ke mwishoni, akiamini tovuti imeshapatikana. Wa tatu anaacha pale patupu, kisha anakaa na wasiwasi kwamba ameharibu kitu. Huyo wa tatu ndiye aliyefanya sawasawa, na makala hii ni ya kueleza kwa nini.

Tuanze na maneno yenyewe. Jina la kompyuta ni neno moja linaloitambulisha mashine hiyo kati ya wenzake: kaunta, stoo, ofisi1. Kikoa, au domeni kama wengi tunavyosema, ni jina la mahali mashine hiyo ilipo kimtandao, yaani ni ya nani na iko chini ya nani. Ukiyaunganisha kwa nukta, jina la mashine likitangulia, unapata jina kamili.

Mwambie dereva wa tuktuk hapa mjini akupeleke Shela, hatakuuliza Shela gani. Atakushusha Shela ya Malindi, huku karibu na bahari, na safari imekwisha. Sema maneno hayohayo ukiwa umesimama kwenye gati la Lamu, na nahodha ataelekeza mashua kwenye Shela ya kisiwani. Jina ni moja, mahali ni pawili, na hakuna aliyekosea, maana kila mmoja amejaza mwenyewe lile neno la pili ambalo wewe hukulitamka. Ukipiga simu kutoka Nairobi ndipo unapolazimika kulitamka: Shela ya Lamu. Na Malindi nayo si moja, kwani Unguja, ndani ya Mji Mkongwe, kuna mtaa unaoitwa Malindi. Kwa hiyo anayetaka kumaliza ubishi kabisa atasema Shela ya Malindi ya Kenya, na hapo hata mgeni asiyejua pwani hii hawezi kupotea.

Hivyo ndivyo majina ya mtandao yalivyojengwa. Chukua anwani ya serikali ya kaunti ya Lamu, lamu.go.ke. Mwisho kabisa kuna ke, ambayo ni Kenya. Kabla yake go, tawi lililotengewa ofisi za serikali. Kisha lamu. Malindi hutaikuta kwenye safu hiyo kama kaunti kwa sababu mji wetu uko ndani ya kaunti ya Kilifi, na Kilifi ndiyo yenye kilifi.go.ke. Kila nukta ni mpaka wa mamlaka: aliye upande wa kulia ndiye anayemruhusu aliye upande wa kushoto.

Mamlaka ndiyo kiini cha suala lote hili. Jina la kompyuta unalichagua wewe, saa yoyote, bila kumuomba mtu ruhusa. Kikoa kinachotambulika duniani hukichagui peke yako, lazima kisajiliwe. Majina yanayoishia .ke yanasimamiwa na KeNIC, na unayapata kupitia mawakala wake kwa ada ya mwaka: .co.ke kwa biashara, .or.ke kwa mashirika yasiyo ya faida, .ac.ke kwa vyuo, .sc.ke kwa shule, .me.ke kwa mtu binafsi. Usipolipa, jina linarudi sokoni na mwingine anaweza kulichukua. Hakuna amri ya Linux inayoweza kubadilisha daftari hilo.

Kompyuta haijui kikoa chake

Hili huwashangaza hata wenye uzoefu. Kerneli ya Linux, ule moyo wa mfumo, hutunza jina la mashine katika nafasi isiyozidi herufi 64. Kikoa cha mtandao haikitunzi popote. Ukiiuliza kompyuta jina lake kamili, inachukua lile jina fupi na kwenda kuuliza: je, kuna anayemjua huyu, na anamwita nani kwa ukamilifu? Jibu linalorudi ndilo jina kamili, na kile kilicho baada ya nukta ya kwanza ndicho kikoa.

Anayeulizwa kwanza kwa kawaida ni faili moja ndogo ndani ya mashine yenyewe, /etc/hosts. Ikiwa haina jibu, swali linapelekwa nje, kwenye seva za majina za mtandao, zile ziitwazo DNS.

Faili hiyo ina historia inayostahili kusimama kidogo. Miaka ya 1970, kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, majina ya kompyuta zote yaliandikwa kwenye orodha moja tu, HOSTS.TXT, iliyotunzwa California na kundi lililoongozwa na Elizabeth Feinler katika Stanford Research Institute. Aliyetaka mashine yake ijulikane aliwasiliana nao, nao wakaliongeza jina, kisha kila mwenye kompyuta akachukua nakala mpya. Mashine zilipozidi, orodha ikawa mzigo, na majina mawili yanayofanana hayakuweza kukaa pamoja. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akaandika mpango wa DNS, ambao uligawa orodha hiyo kwa matawi ili kila tawi lijisimamie. Kwa lugha ya pwani: walikuwa wanalazimisha dunia nzima iwe na Shela moja, wakaona haiwezekani. Faili ya /etc/hosts ni masalia ya orodha ile, na bado inasomwa mapema kuliko DNS kwenye mashine nyingi za Linux.

Sasa tuingie kazini. Tuseme unaendesha nyumba ya wageni na kompyuta hii ni ya mapokezi, unataka iitwe kaunta. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo hostnamectl set-hostname kaunta

Neno sudo mwanzoni linaomba ruhusa ya msimamizi wa mashine. Amri hii inafanya mambo mawili kwa mkupuo. Inaiarifu kerneli jina jipya papo hapo, na inaliandika kwenye faili /etc/hostname ili liwepo hata mashine ikizimwa na kuwashwa. Huhitaji kuiwasha upya, ingawa mafundi wengi wana mazoea hayo. Ukiona jina la zamani bado limekaa kwenye mstari wa terminali, funga dirisha lile ufungue jingine. Programu zilizokuwa zimeshawaka huenda zikaendelea kulikumbuka jina la zamani mpaka uzianzishe tena.

Ipo amri fupi zaidi, sudo hostname kaunta, na bado inafundishwa. Hiyo inabadilisha jina kwa muda tu. Umeme ukikatika na mashine ikazimika, jina linarudi lilivyokuwa.

Hatua ya pili ndiyo inayosahaulika. Kwenye Debian, Ubuntu na jamaa zao, fungua /etc/hosts kwa sudo nano /etc/hosts (nano ni programu ya kuhariri maandishi) na utakuta mistari kama hii:

127.0.0.1   localhost
127.0.1.1   jina-la-zamani

Badilisha mstari wa pili uandike kaunta. Ukiacha kufanya hivyo, kuna siku utatumia sudo na mashine itakujibu hivi:

sudo: unable to resolve host kaunta

Maana yake ni kwamba kompyuta imejiita kaunta, ikauliza kaunta ni nani, na hakuna aliyeitika. Kwa kawaida sudo itaendelea na kazi, lakini huenda ikachelewa kidogo kila mara ikisubiri jibu kutoka nje lisilokuja. Watu hulaumu laptopu kwa uzee, kumbe ni mstari mmoja.

Mstari wa localhost usiuguse. Huo ni wa kila kompyuta, na programu nyingi zinautegemea kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Anwani zote zinazoanza na 127 haziendi nje ya mashine, na ndiyo maana Debian waliweza kuchukua 127.0.1.1 kwa ajili ya jina lako bila kuingilia ya localhost. Kwenye Fedora huenda mstari wa pili usiukute kabisa, kwa kuwa huko mfumo wenyewe unajua kulijibia jina la mashine yake. Hapo si lazima uongeze kitu.

Jina lenyewe lina masharti machache. Herufi za kawaida za a mpaka z, tarakimu, na kistari katikati. Nafasi hairuhusiwi, wala mstari wa chini, wala alama ya ritifaa. Kwa hiyo mwenye duka la Ng'ambo itambidi aandike ngambo na aiache ng' yake kwenye kibao cha mlangoni. Herufi kubwa na ndogo DNS haizitofautishi, basi andika ndogo zote upumzike. Kila kipande kati ya nukta na nukta kisizidi herufi 63, ambalo si tatizo la mtu yeyote mwenye akili timamu. Ukitaka jina la madaha lenye nafasi na herufi kubwa, hostnamectl inakubali jina la ziada la kuonyesha tu:

sudo hostnamectl set-hostname --pretty "Kaunta ya Wageni"

Hilo ni pambo. Mtandao hautalitumia kukutafuta.

Na kikoa kinawekwa wapi?

Ikiwa una kompyuta moja nyumbani, au tatu zinazotumia ruta moja ya waifai, jibu ni: hakiwekwi. Acha patupu. Hakuna kitakachoharibika; utavinjari, utapokea barua pepe, utachapisha. Kikoa kinaanza kuwa na maana pale mashine zinapokuwa nyingi, au pale unapoendesha seva inayopaswa kujitambulisha kwa jina kamili.

Ukikihitaji, kinaingia kwenye ule ule mstari wa /etc/hosts:

127.0.1.1   kaunta.home.arpa   kaunta

Angalia mpangilio. Jina kamili linatangulia, fupi linafuata. Ukiyageuza, kompyuta italichukua lile fupi kama jina rasmi na itakujibu kaunta tupu, nawe utabaki unakuna kichwa. Kuhakikisha, andika hostname -f upate jina kamili, na hostname -d upate kikoa peke yake.

Kwa nini home.arpa na si malindi.com? Kisakinishi cha Debian chenyewe husema kwamba kwa mtandao wa nyumbani unaweza kubuni kikoa chochote, mradi kiwe kimoja kwenye kompyuta zote. Kwa maoni yangu ushauri huo umepitwa na wakati. Jina unalolibuni leo huenda lina mwenyewe, au litampata kesho. Waandishi wa programu walijifunza hilo kwa uchungu: kwa miaka walitumia .dev kwa tovuti zao za majaribio ndani ya mashine zao, wakidhani halina mtu. Google wakalisajili kuwa tawi halisi la intaneti, na mwishoni mwa 2017 kivinjari cha Chrome kikaanza kulazimisha usalama wa https kwa kila anwani inayoishia hivyo. Tovuti za majaribio zikagoma kufunguka usiku mmoja.

Kwa hiyo zipo nafasi zilizotengwa rasmi ili zisimilikiwe na mtu. home.arpa ilitengewa mitandao ya nyumbani mwaka 2018. Mwaka 2024 ICANN, shirika linalosimamia matawi makuu ya majina, likatenga .internal kwa matumizi ya ndani ya ofisi na taasisi. Chukua mojawapo. Na kama tayari umelipia kikoa chako, tawi lake ndilo bora kuliko yote, maana hakuna atakayekunyang'anya.

Jihadhari na .local. Inaonekana inafaa, tena inavutia, lakini ina kazi yake. Tangu 2013 imehifadhiwa kwa utaratibu ambao mashine zilizo kwenye waifai moja huulizana majina moja kwa moja bila seva. Linux nyingi zina programu ya Avahi inayofanya hivyo, ndiyo maana printa hujitokeza yenyewe bila kuitafuta. Kompyuta yako ikiitwa kaunta, tayari inaitika kaunta.local bila wewe kuandika chochote. Ikitokea mashine ya pili yenye jina hilohilo kwenye waifai hiyo, moja itajiita kaunta-2. Saiba zinazonakili mfumo mmoja kwenye mashine zote na kuziacha zote zikiitwa ubuntu huyaona haya kila siku, na orodha ya ruta yao husomeka ubuntu, ubuntu, ubuntu. Mteja wa mashine ya dirishani akilalamika, hakuna anayejua ni ipi.

Kuna pia neno la pili lisilosemwa, lile dereva wa tuktuk analolijaza mwenyewe. Kwenye Linux liko ndani ya /etc/resolv.conf, kwenye mstari unaoanza na search. Ukiandika pale search home.arpa, basi ukiita stoo mashine itajaribu stoo.home.arpa. Lakini faili hiyo siku hizi huandikwa na programu nyingine kila unapounganishwa, kwa hiyo ukiibadilisha kwa mkono, mabadiliko yako yatafutwa. Mahali sahihi ni kwenye mipangilio ya mtandao, au kwenye ruta yenyewe ambayo huzigawia mashine zote habari hizo. Tena mstari huo ni msaada wa kutafuta wengine tu. Kwa kawaida hauipi mashine yako jina kamili, ingawa maelekezo mengi yanachanganya hayo mawili.

Mchanganyiko mkubwa kuliko wote unasababishwa na amri moja, domainname. Mtu anaiona, anafurahi, anaiandika, inamjibu neno none ndani ya mabano. Anadhani kompyuta ina kasoro. Amri hiyo haihusiani na kikoa cha intaneti hata kidogo. Ni ya NIS, mfumo wa zamani wa kampuni ya Sun Microsystems wa kugawana paswadi na majina ya watumiaji katika ofisi, na siku hizi ni wachache wanaoutumia. Ndugu yake dnsdomainname ndiye wa DNS, lakini huyo huonyesha tu. Kubadilisha hawezi, kwa sababu ile tuliyokwisha kuieleza. Nayo domeni ya Windows ambayo mashine za ofisini huingizwa ili wafanyakazi watumie paswadi moja ni kitu cha tatu, chenye mamlaka yake na seva yake. Fundi akikwambia mashine haiko kwenye domeni, muulize domeni ipi.

Turudi kwa yule aliyeandika jina la duka na .co.ke. Mashine yake sasa inajiita kwa jina hilo, na ndani ya mashine hiyo kila programu itaamini. Nje ya mlango hakuna aliyesikia. Ili mteja aliye Lamu afungue tovuti hiyo, lazima jina lisajiliwe, DNS ielekezwe kwenye anwani ya seva, na seva iwe inawaka na inafikika. Na hiyo seva haihitaji kuitwa kama tovuti: mashine moja iitwayo kaunta inaweza kuhudumia tovuti kumi zenye majina kumi. Kibaya zaidi ni kama jina aliloliandika ni la mtu mwingine kweli. Hapo kompyuta yake inaweza kujidanganya na kujipigia hodi yenyewe pale anapotaka kumfikia yule mwenye jina.

Aliyeandika gmail.com yuko kwenye hatari hiyohiyo kwa sura nyingine. Kuvinjari kutaendelea kama kawaida, lakini programu yoyote ya barua ndani ya mashine ile itatuma ujumbe ukijitambulisha kuwa unatoka kwenye kikoa cha Google, na seva zinazoupokea huenda zikaukataa au kuutupa kwenye taka.

Wapo pia wanaobadilisha jina la kompyuta wakitaraji waifai iongeze kasi, au wajifiche mtandaoni. Kasi haiguswi. Kujificha nako hakupo, ila kuna chembe ya ukweli ya kuzingatia: ukijiunga na waifai ya hoteli kule Watamu, mashine yako kwa kawaida huitajia ruta jina lake inapoomba anwani. Laptopu iitwayo kwa jina lako kamili na namba ya chumba inakutangaza. Ipe jina lisilosema lolote kuhusu mwenyewe.

Mwisho, kwa wanaokodi seva nje ya nchi. Ukiona jina uliloliweka linarudi la zamani kila unapoiwasha seva, mshukiwa ni programu iitwayo cloud-init, ambayo kazi yake ni kuipa seva jina kutoka kwa mwenye mtambo. Kwenye faili /etc/cloud/cloud.cfg tafuta preserve_hostname, uiwekee true. Na kama seva hiyo inatuma barua pepe, kuna jina la tatu, la kinyume, linalotoka kwenye anwani ya IP (ile namba ya mashine mtandaoni) kurudi kwenye jina. Seva nyingi zinazopokea barua hulikagua na kuzikataa barua lisipolingana. Hilo huliweki kwenye /etc/hosts wala kwa KeNIC. Anwani ya IP ni ya kampuni iliyokukodisha seva, kwa hiyo ni kwao unakopeleka ombi, mara nyingi kupitia ukurasa wa mipangilio ya seva yako, ukiwapa jina kamili lilelile ambalo hostname -f inakujibu.